Madirisha ya Mzee Gorski

Jumatatu, 3 Februari

Nimeipata! Nimeipata, nimeipata! Naandika juu ya mashine ya kufulia ya dada Bernadine, maana ndiyo meza pekee humu ndani isiyo na vitu vya mtu. Miaka tisa jina langu limelala kwenye foleni ya ofisi ya nyumba mpaka nikasahau kama lipo. Leo nimetoka pale na vocha yangu. Nikipata nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi, mtaa wowote hapa Buffalo, mimi nalipa kodi ninayoiweza kwa mshahara wangu wa jikoni shuleni, na serikali inamalizia iliyobaki. Kinachotakiwa ni mwenye nyumba akubali na mkaguzi aipitishe.

Nimepewa siku sitini. Zikiisha sina nyumba, vocha inarudi kwao, na mimi Rosetta Pettway narudi mkia wa foleni.

Mwaka na nusu sasa mimi na binti yangu Jazlyn tunalala kwenye kochi la kukunjua, sebuleni kwa Bernadine. Jazlyn ana miaka kumi na mitano na anavalia nguo bafuni. Nilipomwonyesha vocha aliniuliza, "Ma, nitakuwa na chumba? Chumba chenye mlango?" Nikamwambia chenye mlango na dirisha lake. Alinirukia nusura anivunje kiuno.

Bernadine alisema, "Hongera, mdogo wangu. Kesho usisahau kukunja kochi." Ndivyo alivyo. Angeweza angetufungia mizigo usiku huu huu.

Alhamisi, 6 Februari

Theluji imefika magotini, shule zimefungwa. Nimeshinda kwenye simu mpaka sikio limepata moto. Roho juu juu, lakini raha.

Jumanne, 11 Februari

Sheria ya jimbo letu inasema mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ya vocha. Basi hawanikatai. Nikitaja vocha tu, nyumba inakuwa "imechukuliwa leo asubuhi, pole sana." Jazlyn akanipokonya simu, akawapigia walewale kwa sauti ya puani ya mwalimu wake wa hesabu, vocha hakuitaja. Nyumba ikafufuka! "Njoo uione hata saa hizi," wakamwambia. Tulicheka mpaka machozi. Baadaye yangu yaliendelea kidogo peke yake, lakini hilo si la kuandika.

Jumatano, 19 Februari

Theluji. Nimekwenda kuiona nyumba ya Mtaa wa Genesee. Ukuta wa bafu una ukungu mweusi, na panya hata hakunikimbia. Hapana.

Jumanne, 4 Machi

Leo ni siku ya maandazi ya jemu ya Wapolandi. Mji mzima unakula kana kwamba Kwaresima inayoanza kesho itadumu mwaka. Nimekula manne. Nyumba bado.

Ijumaa, 14 Machi

Theluji inayeyuka, barabara zote ni tope. Nimegombana na Bernadine. Alikuta viatu vya Jazlyn mlangoni akasema, "Nyumba hii si stoo." Nikamwambia, "Dada, sema tu kwamba umetuchoka." Aliingia chumbani kwake akafungulia redio kwa sauti kubwa. Nami nikakunja kochi kwa kelele zote nilizoziweza.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeonyeshwa nyumba nzuri sana. "Imechukuliwa."

Jumamosi, 29 Machi

Hii lazima niiandike yote, hata kama kalamu itaisha wino.

Nilishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya changu, nikanunua soseji Soko la Broadway. Nikakata kona, nikaona kibao cha kadibodi dirishani: GHOROFA YA JUU INAPANGISHWA. Nyumba ya mbao ya kizamani, ya familia mbili, moja juu ya nyingine, na baraza iliyofagiwa kama sahani. Nikabonyeza kengele. Akatoka mzee mrefu, Mpolandi, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, uso wa mtu aliyelamba ndimu. Jina lake Chester Gorski.

"Ngazi ni nyingi," akasema. "Una magoti?"

"Ninayo mawili, mzee."

Akaguna, akanipandisha. Mungu wangu! Vyumba viwili vya kulala, jikoni pana lenye jua, sakafu ya mbao inang'aa. Nikajizuia nisicheze. Mie sikutaka kupendana na nyumba halafu niachwe, kwa hiyo nikalitoa mapema.

"Nina vocha ya serikali."

"Basi hapana."

"Mzee, sheria..."

"Sheria naijua, mama. Wewe sijakukataa. Nawakataa wale wa kuja na tochi kuchungulia chini ya sinki. Nyumba hii kaijenga baba yangu kwa mikono yake. Mimi nimezaliwa chumba kile pale. Leo aje mtu wa ofisini aniambie nyumba ya Gorski ina kasoro? Nife kwanza."

Hapo ulimi wangu ukanitoka, kama kawaida yake. "Ahaa. Kumbe unaogopa itafeli."

"Nini?"

"Nasema unaogopa. Si aibu, mzee wangu. Nyumba ni kuukuu. Wengi huogopa."

Alibadilika rangi kuanzia kooni kwenda juu. "Ifeli? Nyumba HII?" Akapiga ukuta kwa ngumi. "Unasikia hiyo? Unasikia? Waite! Waite waje na tochi zao, na bosi wao aje, na mke wa bosi! Watapiga saluti!"

Nimerudi nyumbani nikikimbia. Soseji nimezisahau kwake.

Jumanne, 1 Aprili

Mzee Gorski ametia sahihi, makaratasi yamepokelewa. Mama wa dirishani kule ofisini ameniambia saa yangu sasa imesimama mpaka ukaguzi uishe. Ilikuwa imebakiza siku tatu. Siku tatu tu! Nyumba ikikataliwa, saa itaanza kutembea palepale iliposimama, na kwa siku tatu mtu hapati hata chumba cha mbwa. Nikamuuliza kama wanaongeza muda. Akasema, "Kwa wagonjwa tu, mpenzi. Wewe unaonekana mzima kabisa."

Ukaguzi ni tarehe kumi.

Jumamosi, 5 Aprili

Tunapaka rangi! Mzee ameamua mkaguzi asione hata mkwaruzo. Nilichagua rangi mimi, ya maziwa, na Jazlyn amechagua ya chumba chake, samawati. Mzee anapaka amevaa tai. Nilimuuliza tai ya nini, akasema, "Siku baba anaijenga alivaa tai." Siamini, lakini nimenyamaza.

Ni mtu wa ajabu huyu. Kutwa nzima ananikosoa jinsi ninavyoshika brashi, halafu saa sita akashuka, akaniletea soseji zangu zilezile, amezikaanga na kabichi.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee alisema mkono mmoja wa rangi unatosha kwenye madirisha. Ni yale ya mbao ya zamani, ya kusukuma juu. Nikamwambia, "Mzee, unataka kupita au unataka saluti?" Tukapiga mkono wa pili, mzito, mpaka kwenye kila ufa. Yanang'aa kama keki ya harusi. Tulirudi nyuma tukayatazama, tukapeana mikono.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtaka yote hukosa yote, na wahenga hawakuwa wajinga.

Mkaguzi ni Bi Otero, mama mfupi anayetafuna ubani, tochi kiunoni. Mzee alimpokea mlangoni kwa tai na kikombe cha kahawa. Bi Otero akawasha jiko: sawa. Maji ya moto: sawa. Ving'ora vya moshi, vishikio vya ngazi, swichi, vyote sawa. Mzee alikuwa anamfuata nyuma akivimba kidogo kidogo, na mimi moyoni nilishaanza kupanga vyombo kabatini.

Tukafika chumba cha Jazlyn. Bi Otero akashika dirisha, akasukuma juu. Halikwenda. Akasukuma tena, akaweka na bega. Wapi!

"Limekwama," akasema.

Akaenda la pili. La tatu. Chumbani kwangu, sebuleni, jikoni. Nyumba nzima hakuna lililotikisika.

"Rangi nzuri," akasema Bi Otero, wala hakuwa anakejeli. "Ila mmeyagundisha yote. Dirisha la chumba cha kulala lazima lifunguke. Moto ukiwaka ngazini, mtoto atatokea wapi?"

Mzee Gorski alilitazama lile dirisha kama mtu aliyesalitiwa na mbwa wake mwenyewe. Bi Otero akasema kwa upole, "Nitarudi Jumanne baada ya Pasaka, tarehe ishirini na mbili. Mara ya pili ndiyo ya mwisho." Mzee hakumsikia. Alishuka ngazi polepole, akaingia kwake, akafunga mlango.

Nimepaka mimi. Mkono wa pili nimepaka mimi kwa domo langu. Jazlyn sijamwambia, nimesema tu "bado kidogo."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimegonga, hafungui. Amejibu kupitia mlangoni: "Nyumba ya baba yangu imefeli mbele ya watu. Tafuta kwingine, mama. Jumatatu nawapigia kuwaambia nimejitoa."

"Mzee, ni rangi tu!"

"Nenda nyumbani."

Nyumbani wapi? Nimepiga kelele hivyo pale ngazini, mtaa mzima umesikia. Nina hasira naye, kizee kaidi, anatia mchanga kitumbua changu kwa kiburi chake. Na theluji imeanza tena, Aprili hii.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia mama wa dirishani. Mzee hajawapigia. Bado.

Jumatano, 16 Aprili

Bado hajapiga. Kila simu inayolia shuleni naikimbilia. Nimetia chumvi mara mbili kwenye supu ya watoto mia tatu. Usiku nimewasimulia Jazlyn na Bernadine yote.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimemjua dada yangu.

Asubuhi Bernadine alitoka chumbani amevaa kofia ya kanisani, kubwa ile ya manjano, na pai ya viazi vitamu mkononi. "Nipeleke kwa huyo Mpolandi wako," akasema.

"Dada, hafungui mlango."

"Atafungua. Hakuna mwanamume anayekataa pai yangu."

Alifungua. Mezani alikuwa na kapu la vyakula vya Pasaka anavyotaka kupeleka kubarikiwa kanisani: mayai, mkate, na mwanakondoo wa siagi wanaomchonga watu wa kule, na utepe mwekundu shingoni. Bernadine akaketi bila kukaribishwa. Mimi nilibaki ngazini na Jazlyn, mlango umeachwa wazi, na nilisikia yote.

"Mzee Gorski, unaona haya kwa sababu nyumba yako imefeli?"

"Si jambo lako, mama."

"Nakuuliza tu. Maana haya naijua. Mdogo wangu anaishi kwangu mwaka na nusu. Kila asubuhi, mimi sijaamka, anakunja lile kochi, anafuta hadi alama za makalio, ili ionekane hakuna aliyelala. Namwambia akunje, namfokea viatu, basi nikidhani akizoea kunijibu atajisikia yuko kwao. Hajisikii. Anatembea kwa vidole. Mdogo wangu wa damu, mzee, anaishi nyumbani kwangu kama mwizi. Mimi siwezi tena kuliona hilo. Naingia chumbani nafungulia redio ili asinisikie nikilia."

Nilishika kile kishikio cha ngazi kwa mikono miwili. Wakati wote huo nilidhani redio ile ni hasira.

Mzee akasema, "Nilishika simu kila siku. Sikuweza kupiga."

"Najua. Ungetaka, ungepiga."

Kisu kikagonga sahani, nadhani ndipo alipokata pai. "Wewe," akamwambia, "unajua kukwangua rangi?"

"Mume wangu alikuwa fundi wa magari. Nakwangua chochote."

"Jumatatu, basi. Asubuhi, kabla watu wangu hawajalewa."

Jazlyn aliruka ngazi tatu kwa mpigo. Mimi nililia waziwazi, wala sikufungulia redio.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo Jumatatu ya Pasaka, Wapolandi wanaiita Dyngus. Wanaume wanawamwagia wanawake maji, wanawake wanawachapa wanaume kwa fimbo za mti wenye vichipukizi vya manyoya. Nimezaliwa mji huu na sijawahi kuelewa, ila leo nimechapa na nimelowa, sasa sihitaji kuelewa.

Tulianza asubuhi, sisi wanne na visu vya kukwangulia. Kazi ya kuvunja moyo. Unapitisha kisu kwenye mshono wote, unapuliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele, unagonga fremu kwa kiganja, unasukuma, halafu hakuna kitu. Mpaka saa nne tulikuwa tumefungua mawili. Mzee alikuwa ananitazama kwa jicho la upande kila akikwangua ule mkono wa pili.

"Saluti," akasema.

"Haya, mzee, nimekoma."

"Saluti, alisema! Na mkewe bosi!"

"Mke wa bosi ulimtaja wewe!"

Ndipo gwaride likapita. Ngoma, kinanda cha mkono, watu wa vizibao vyekundu. Mzee akaenda kwenye mojawapo ya madirisha yale mawili, akatoa kichwa nje, akapaza sauti kwa Kipolandi. Sijui alisema nini, lakini kinanda kikakatika katikati ya wimbo. Dakika chache baadaye ngazi zilikuwa zinalia kwa uzito wa watu: wazee wa bendi, wake zao, mmoja fundi seremala mstaafu aitwaye Eddie, mwenye nyundo iliyofungwa kitambaa. Alichokuwa amewaambia nikaambiwa baadaye: "Nyumba ya Gorski imefeli, na bado mnacheza?"

Sijawahi kuona kazi ya namna ile. Mmoja anapiga kinanda jikoni, wengine wawili kwa kila dirisha. Likifunguka moja, nyumba nzima inapiga kelele, upepo baridi unaingia, na aliyelifungua anamwagiwa maji. Bernadine kwa glavu zake za kanisani alifungua la sebuleni peke yake, kisha akamchapa Eddie kwa fimbo, na Eddie akasema, "Tena, mama, tena!" Jazlyn alimlowesha Mzee Gorski kwa bastola ya maji kuanzia tai mpaka soksi. Mzee alisimama, maji yanamchuruzika. Akasema, "Binti, umekosa sikio moja," akageuza kichwa.

Kufika jioni yote yalikuwa yanapanda na kushuka. Nimechoka mpaka kucha. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumanne, 22 Aprili

Bi Otero alikuja asubuhi. Alianza jikoni: likapanda. Sebuleni: yakapanda. Chumbani kwangu: yakapanda kama lifti. Mzee leo hakuvimba. Alikuwa amemshika Bernadine kiwiko.

Chumba cha Jazlyn, lile la kwanza lililotuaibisha. Bi Otero akasukuma. Halikwenda.

Maji ya jana! Mbao zilikunywa maji usiku kucha zikavimba. Nilijua papo hapo, na nikasikia siku zangu tatu zinaanza kutembea.

Mzee akafungua mdomo, lakini Jazlyn akamtangulia. "Samahani, shangazi," akamwambia Bi Otero, akapita mbele yake. Akagonga fremu kwa kiganja kushoto, kulia, chini, kama Eddie alivyomfundisha, akasukuma kwa mabega yote mawili. Dirisha likalia kama paka, likapanda hadi juu.

Bi Otero aliacha kutafuna.

"Chumba hiki atalala nani?" akauliza.

"Mimi," akasema Jazlyn.

"Lifunge. Ulifungue tena."

Akalifunga. Akalifungua tena, safari hii kwa pigo moja tu.

"Anayelala humu anaweza kulifungua," akasema Bi Otero, akaandika. "Imepita."

Mzee Gorski alipiga saluti. Naapa. Alikakamaa kama askari, mkono kwenye paji la uso, na Bi Otero, Mungu ambariki, akamrudishia.

Alhamisi, 1 Mei

Tumehamia. Bernadine alileta sufuria, mapazia, na lile kochi! Amesema hataki kuliona tena kwake. Sasa anapika jikoni kwangu na kulalamika visu vyangu butu, namwacha alalamike.

Nje baridi bado inauma, lakini mimi na Jazlyn tulipita chumba hadi chumba tukafungua madirisha yote, yote kabisa, kwa sababu yanafunguka. Mapazia yakapepea hadi darini. Jazlyn alikuwa anazunguka katikati ya sebule amenyoosha mikono.

Ndipo tukasikia fimbo ya ufagio inagonga kutoka chini. Joto la nyumba nzima hutoka kwenye tanuri moja, na bili ni yake.

"Pettway!" ilikuwa sauti ya Mzee Gorski. "Fungeni madirisha! Mnapasha joto mtaa mzima!"

Jazlyn aliganda, akaniangalia. Bernadine akatoa kichwa jikoni. Nami nilisimama pale na kucheka mpaka nikashika ukuta, maana tangu nijue kuishi kwa watu sijawahi kufokewa na mtu nikasikia raha namna hii.

"Ndiyo, mwenye nyumba!" nikamjibu kwa sauti yangu yote.

Nikaenda nikafunga moja.